Zamu ya Ijumaa

1

Asilimia sabini na moja. Nakijwa Mbwambo aliiona namba ile ikipanda skrini, akaacha hata kupumua.

"Usithubutu," aliiambia kompyuta. "Leo usithubutu."

Ikathubutu. Feni ikavuma kwa nguvu kisha ikanyamaza, skrini ikawa nyeupe, na maandishi yaleyale mekundu yakajipanga katikati: KOSA LA KUMBUKUMBU. USOMAJI UMESITISHWA. LANGO LIMEFUNGWA. Na kweli, nje ya dirisha, lango la chuma la ndiva lilijibana kwa kishindo, na wakulima waliokuwa wamekaa juu ya ukuta wa mawe wakisubiri maji wakaguna kwa pamoja.

"Mara ya tisa," alisema Mwenyekiti Msofe kutoka mlangoni, kana kwamba kuna mtu aliyemwomba ahesabu. "Umejaribu kuzima na kuwasha?"

Nakijwa aliiweka bisibisi mezani taratibu, maana bisibisi ina ncha, na mzee huyu ndiye aliyemfundisha kusoma darasa la kwanza.

"Nimejaribu, Mwalimu."

"Na ile waya ya nyuma?"

"Na waya ya nyuma."

"Nauliza kwa sababu redio yangu mimi, ikigoma, naipiga hapa ubavuni…"

"Mwalimu Msofe, shikamoo yako ya asubuhi nilikupa. Sasa naomba uniachie hewa."

Mwenyekiti aliondoka hatua tatu, akasimama palepale kwenye kivuli cha mlango. Huko ndiko kuondoka kwake.

Usimlaumu sana. Mvureni ni kijiji cha tangawizi, juu kabisa kwenye milima ya Upare, na tangawizi haielewi maneno ya mafundi. Inataka maji. Maji yenyewe yanatoka ndivani, bwawa la mawe na udongo lililojengwa na mababu, ambalo huachwa lijae, kisha hufunguliwa asubuhi, na kila shamba lina siku yake na saa zake. Zamu hizo hazikuandikwa popote. Zilikaa kichwani mwa mtu mmoja, Mzee Mbonea Mnzava, mgawa maji wa miaka arobaini. Mzee alipoanza kukohoa damu, wakubwa wa bonde wakaona hatari iliyopo, wakaleta mrithi.

Mrithi hakuwa mtu. Alikuwa ndiye huyu, kompyuta ya mezani ya rangi ya kijivu, iliyowekwa miguuni pa kitanda cha mzee siku sitini ikimsikiliza. Akitaja mifereji, ikasikiliza. Akisimulia ugomvi wa mipaka, akiomba uji, akikoroma, ikasikiliza na kuweka yote. Mzee alipozikwa, ikahamishiwa ofisi ya ndiva, ikavutiwa waya mpaka langoni na kwenye vilango vya mifereji, ikaanza kugawa maji kama alivyogawa yeye. Miaka ile vijiji vingi vilikuwa na warithi wao. Kulikuwa na mrithi wa mkunga, mrithi wa mjuzi wa mifugo, hata mrithi wa mpiga ngoma. Sheria yao ilikuwa fupi na kila mtoto aliijua: mrithi hafutwi. Neno la marehemu ni ushahidi, na ukilichomoa moja, yote yamebatilika.

Miaka miwili mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu maji yalikuwa mengi, na maji yakiwa mengi hakuna anayeuliza zamu ya nani. Kisha mvua zikakata. Ndiva ikashuka chini ya alama nyekundu, na chini ya alama hiyo mrithi hana ruhusa ya kugawa kwa ukarimu. Lazima achague. Na kila anapotaka kuchagua lazima asome upya yote aliyoachiwa, toka siku ya kwanza hadi ya sitini, aone nani ana haki. Ndipo alipoanza kuanguka. Ijumaa ya kwanza wakadhani ni umeme. Ijumaa ya pili wakasema ni vumbi. Sasa zilikuwa Ijumaa tano, na kosa lilikuwa limetoka Ijumaa likaenea wiki nzima. Wakubwa wa bonde walikwisha kutuma barua: kesho, Ijumaa ya sita, ikifika saa sita mchana mrithi hajapona, watakuja kumng'oa, na lango watalifunga kwa kufuli mpaka vuli.

Mpaka vuli, hapo Mvureni hakutabaki tangawizi hata ya kutia kwenye chai.

Nakijwa alikuwa fundi hodari, na hilo ndilo lililomuuma. Kule mjini Same watu walimletea mashine zilizoangukia ndoo ya maziwa, naye akazifufua. Hii ameifungua tangu jana. Alipuliza vumbi. Alitoa mayai mawili ya mjusi nyuma ya feni. Alichomoa kadi zote nne za RAM, zile za kumbukumbu, akazisugua meno kwa kifutio cha shule mpaka shaba ikang'aa, akazirudisha. Asilimia sabini na moja. Akajaribu kadi moja moja, kila moja peke yake, kila safari dakika arobaini za kukaa na kuomba. Sabini na moja, sabini na moja, sabini na moja, sabini na moja. Akatia kadi zake mwenyewe, mpya, zilizokuwa bado kwenye karatasi. Akabadilisha pawasaplai. Akahamisha kadi kutoka tundu hadi tundu. Alifika mahali akaigeuza mashine nzima ikatazama ukuta, na hilo hakumwambia mtu.

"Mara ya kumi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Mwalimu!"

Alijiegemeza kwenye kiti, akafumba macho. Hasira ilikuwa imempanda mpaka masikioni. Na humo katikati ya hasira akaona kitu ambacho mwanafunzi wake yeyote angekiona jana saa tatu asubuhi. Kadi mbovu ukiihamisha, kosa huhama nayo. Kadi ikiwa nzima na tundu bovu, kosa hukaa na tundu. Hili halikuhama na chochote. Alikuwa amebadilisha karibu kila kitu ndani ya kasha lile, na kosa limekaa palepale, kwenye kipande kilekile: siku ya arobaini na tatu, kipande cha mia nne na sita.

"Mjinga mimi," alisema kwa sauti. "Mjinga kabisa. Mashine ni nzima."

"Nzima?" Mwenyekiti akaingia. "Sasa kama ni nzima, mbona inaumwa?"

Nakijwa alikuwa tayari anatafuta vipokea sauti ndani ya mkoba.

2

Sauti ya Mzee Mbonea ilimwingia masikioni karibu mno, nzito, yenye mikwaruzo ya kifua.

"Andika, wewe mashine. Huyu Mchaga hapa hana zamu. Hana hata tone. Maji yao yako kwenye theluji kule Kilimanjaro, apande akailambe."

Na sauti ya mwanamke, kali, papo hapo: "Na wewe Mpare utafia mahakamani. Jeneza lenyewe litakata rufaa."

Kisha kicheko cha watu wawili, na kicheko cha mzee kikageuka kikohozi, na kikohozi kikarudi kuwa kicheko.

Nakijwa alijikuta anacheka peke yake kwa mara ya kwanza baada ya siku mbili. Mwanamke yule alimjua. Alikuwa Manka Shirima, nesi mstaafu wa zahanati, aliyeletwa Mvureni na kazi akiwa kijana, akanunua kishamba, akamzika mumewe hapohapo, asirudi tena kwao Rombo. Yeye ndiye aliyemuuguza Mzee Mbonea siku zile sitini. Na Mchaga kumuuguza Mpare, jamani, hakuna mtu wa milima hii atakayetarajia maneno yaliyonyooka. Hao ni watani. Watu wa mtaani watakwambia Mpare huuza ng'ombe kufuata kesi ya kuku, na Mchaga akisikia sarafu imeanguka huamka hata kaburini, na wenyewe hutupiana hayo tangu asubuhi mpaka wanapoagana, na anayekasirika ndiye aliyeshindwa.

Waliomtengeneza mrithi walikuwa watu makini, pengine mno. Walimfundisha aina mbili tu za maneno, ya kweli na ya uongo, na mtu anayekufa, walidhani, hasemi uongo. Nao watu wa Mvureni wakaona ni jambo la kawaida kabisa kumkalisha mtani kitandani pa mgonjwa mbele ya mashine inayoandika kila kitu. Hakuna aliyewaza kuiambia.

Basi mrithi alikuwa na neno la siku ya tatu, zito na tulivu: "Mfereji wa tatu, Ijumaa, saa moja hadi saa sita, kilango cha chini, Manka." Halafu alikuwa na maneno mengine kuanzia siku ya arobaini na tatu yanayosema Manka hana zamu. Yote ya mtu mmoja, yote ushahidi, na hakuna linaloruhusiwa kufutwa. Akifika hapo anachanganyikiwa, anaanguka.

"Mwalimu," Nakijwa aliita, "ni utani. Mashine imeshindwa na utani."

Mwenyekiti alisikiliza kipande kile, akacheka mpaka akakaa chini. "Mbonea huyu! Yaani kafa miaka miwili na bado anamnyima Mchaga maji!" Kisha akafuta macho, akawa mwenyekiti tena. "Dawa yake?"

Dawa ilikuwepo. Kufuta hakuruhusiwi, lakini kuweka alama kunaruhusiwa. Mtu aliye hai, aliyekuwamo chumbani maneno yaliposemwa, anaweza kuweka kidole chake na kusema kipande hiki ni KWELI au ni MZAHA. Fundi naye anaweka kidole cha pili kuthibitisha. Cha mzaha kinabaki, hakiguswi, ila mrithi hakihesabu tena; cha kweli kinashinda neno lolote la nyuma linalopingana nacho.

"Basi muite Manka, aweke mzaha kote, tumalize," alisema Mwenyekiti. "Nakwenda kumwita mwenyewe."

Alipotoka, Nakijwa aliiambia mashine imkusanyie vipande vyote vinavyopingana kuhusu zamu ya Ijumaa. Vikaja ishirini na vitatu. Akavisikiliza kwa mpangilio, kwa sababu fundi hathibitishi asichokijua, na kwa sababu, tuseme ukweli, alikuwa anaburudika.

"Ijumaa nimemnyang'anya Manka, amezidi. Juzi kaniuzia yai, nimelivunja nikakuta risiti ndani."

"Yai lenyewe mlikula watu sita na mkabakiza la kesho."

Kipande cha kumi. Cha kumi na tano. Sauti ya mzee ikazidi kupungua siku hadi siku, utani ukabaki na nguvu zake. Akirusha, Manka anarudisha. Hakuna hata mara moja aliyoachia jiwe lianguke chini.

Kipande cha ishirini na tatu kilikuwa cha siku ya hamsini na nane.

"Manka we." Pumzi ndefu. "Ijumaa si yako. Ni ya Nanzia. Nilimkata kwa kukosa msaragambo, kazi ya pamoja ya mfereji, na mumewe alikuwa kitandani. Nilijua. Nikakupa wewe kwa sababu ya makande yako uliyotupikia siku ya kuzibua mfereji. Nilisema ni msimu mmoja. Misimu ikawa ishirini."

Nakijwa alingoja jibu. Alisikia kijiko kikigonga bakuli.

"Kunywa uji, Mbonea," alisema Manka. "Unapoa."

Hapo kipande kikaisha.

Nakijwa alivua vipokea sauti, akavilaza mezani. Nanzia Mbwambo alikuwa mama yake.

Aliyakumbuka yote, na hakutaka kuyakumbuka. Mama yake kwenye baraza la kata, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, na kanga ileile ya heshima, akisema zamu yake ya Ijumaa imechukuliwa. Mzee Mbonea akijibu kwamba mgawa maji ni yeye. Baraza likicheka: Mpare hapati usingizi mpaka awe na kesi! Kilango cha juu kilichokuwa chake kikaota kutu, shamba likawa la kungojea mvua, mvua zikawa za kubahatisha. Na Nakijwa mwenyewe, msichana wa miaka ishirini na mbili, chuo kimempa kiburi, akimwambia mama yake jikoni: "Mama, achana nayo. Unatutia aibu." Mama yake alimtazama, akakunja kanga, akaiweka sandukuni. Hakuitaja tena Ijumaa mpaka alipokufa.

"Mama," Nakijwa aliiambia ofisi tupu. "Mama, nisamehe."

3

Manka alikuja na chupa ya chai na vikombe vitatu, akiwa na mgongo uliopinda kidogo na ulimi ulionyooka vilevile.

"Shikamoo, Mama Shirima."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia Mpare wenu kanipeleka mahakamani toka kaburini." Alikaa, akajicheka. "Nilimwambia jeneza litakata rufaa. Hakuniamini."

"Weka kidole tu, Mama Manka," alisema Mwenyekiti akiwa bado anahema kwa kupanda mlima. "Watu wanangoja. Mashamba yanaungua."

Nakijwa aliigeuza skrini. Vipande ishirini na vitatu vilijipanga, kila kimoja na tarehe yake, na juu kabisa kitufe kimoja: WEKA ALAMA KWA VYOTE. Kidole kimoja cha Manka, kidole kimoja cha Nakijwa, na maji yangefunguka kabla chai haijapoa. Hakuna ambaye angejua. Mama yake alikuwa marehemu, na marehemu hanywi maji ya mfereji. Shamba lenyewe lilikuwa magugu matupu, kwa sababu yeye alikaa Same na mashine zake. Akisema neno, atakuwa fundi aliyeitwa kutengeneza kompyuta akajitengenezea zamu, na mbele yake yuko mwanamke wa miaka sabini na mitatu ambaye riziki yake yote ni robo ekari ya tangawizi inayonyauka.

Akinyamaza, mama yake atabaki yule mwanamke wa kesi.

Manka alinyoosha kidole. Kilikuwa kimebaki kama shibiri moja kufika kwenye kioo.

"Subiri," alisema Nakijwa.

"Subiri nini tena?" Mwenyekiti alipiga paja. "Nakijwa, mwanangu, siku mbili umetusubirisha!"

"Kauli ishirini na mbili ziweke alama, Mama Shirima. Nimezisikia, ni mzaha, nathibitisha. Hii ya mwisho uisikilize kwanza."

"Ya nini kuisikiliza? Mbonea alikuwa mtani wangu. Yote mzaha."

"Uisikilize tu."

Akachomoa vipokea sauti, sauti ikatoka hadharani. Manka we. Ijumaa si yako. Nakijwa hakumtazama Manka, alitazama vikombe. Mpaka sauti ya mzee ikaisha, na kijiko kikagonga bakuli, na Manka wa miaka miwili iliyopita akasema uji unapoa.

Mwenyekiti alikaa chini taratibu.

"Mara ishirini na mbili ulimjibu," alisema Nakijwa. "Hukuacha hata moja. Hii hukumjibu."

"Alikuwa amechoka."

"Siku iliyofuata, nimeisikiliza nayo, alikuwa amechoka zaidi. Alikwambia utamwibia sanda, na ukamjibu."

Manka aliweka mikono mapajani. Nje watu walikuwa wakibishana juu ya nani atakuwa wa kwanza maji yakifunguliwa.

"Alikuja kwangu," alisema hatimaye. "Mama yako. Mara mbili. Alikaa kwenye kile kigoda changu cha nje, akaniambia, Manka, wewe ni mama mwenzangu, hebu muulize Mbonea. Nikamcheka. Nikamwambia, nyie Wapare na kesi bwana. Akacheka na yeye, angefanyaje? Mtani kakutania, utakasirika?" Alifuta pua kwa upande wa kanga. "Sikuwa najua, Nakijwa. Lakini sikutaka kujua. Mpaka siku ile na uji. Na siku ile nikaona, basi, yeye anakufa, Nanzia kesha kufa, mimi nina tangawizi ardhini."

"Mama Manka," Mwenyekiti alisema kwa upole, "fikiri vizuri. Ukiweka kweli, maji hupati. Mrithi habembelezwi. Na kiangazi hiki…"

"Najua kiangazi, Mwalimu. Nakaa humohumo."

Alimgeukia Nakijwa. "Wewe unataka niweke nini?"

Hapo ndipo Nakijwa alipotamani kosa lingekuwa la kadi. Kadi mbovu unaitupa kwenye boksi, yameisha.

"Mimi ni fundi," alisema. "Nathibitisha tu. Aliyekuwamo chumbani ni wewe."

Manka aliweka mzaha kwa zile ishirini na mbili, kisha akaweka kidole kwenye ile ya mwisho. KWELI.

Nakijwa akaweka chake. Mrithi akaanza kusoma upya, dakika arobaini ambazo hakuna aliyegusa chai. Sitini na nane. Sabini. Sabini na moja ikasimama, na Mwenyekiti akashika kichwa. Kisha sabini na mbili, sabini na tatu, ikaenda mpaka mwisho bila kukwaa, na maandishi ya kijani yakajitokeza: USOMAJI UMEKAMILIKA. HAKUNA KOSA. Chini yake, orodha ya zamu za wiki nzima. Mwenyekiti alikwisha kuruka kwa furaha, mikono juu, kabla hajafika kwenye mstari wa Ijumaa. Alipoufikia, mikono ikashuka.

Mfereji wa tatu. Ijumaa, saa moja hadi saa sita. Kilango cha juu. Nanzia Mbwambo, au warithi wake.

4

Ijumaa saa moja kamili asubuhi lango kubwa lilifunguka. Maji yalishuka mfereji wa kwanza, wa pili, wa tatu, na huko kwenye mfereji wa tatu kilango cha chini kikabaki kimefungwa, na kilango cha juu, chenye kutu ya miaka ishirini, kikalia, kikafunguka.

Nakijwa alisimama katikati ya shamba la mama yake akiwa na jembe la kuazima. Hakukuwa na cha kumwagilia. Kulikuwa na mbigili, nyasi zilizofika magotini, na kaburi la mama yake pembeni, limepakwa chokaa ambayo ilikuwa imeanza kubanduka. Maji yaliingia taratibu, yakizunguka magugu, yakibeba majani makavu. Chini yake, ng'ambo ya tuta, tangawizi ya Manka ilikuwa imelala, rangi ya njano mpaka kwenye shina. Mashamba yale mawili yalitenganishwa na tuta ambalo mtu mzima angelivuka kwa hatua moja.

Habari ilikwisha kupanda na kushuka mlima wote. Watu walikuwa kwenye ukuta wa ndiva kama siku ya mnada, na hakuna aliyekuwa akicheka. Wazee watatu wa lile baraza la kata walikuwa miongoni mwao. Nakijwa aliwaona, na alifurahi kuwaona, na furaha yenyewe ilikuwa chungu. Tazameni, alisema moyoni. Tazameni kesi ya Nanzia.

Aliyaacha maji yaende. Hakuyazuia wala kuyaongoza. Robo saa, nusu saa, na ile ardhi kavu ikanywa mpaka ikaanza kutoa mapovu, mpaka maji yakafika kaburini na kulowesha chokaa chini kabisa. Hapo ndipo alipoinua macho.

Manka alikuwa amesimama ng'ambo ya tuta, mikono mitupu. Hakuja na jembe. Alikuja kutazama tu, na kwa jinsi alivyosimama, alikuwa amekuja kutazamwa vilevile.

Nakijwa alimkasirikia. Alimkasirikia kwa uji ule na kwa kigoda kile, akajikasirikia kwa jikoni kule na maneno yale ya aibu, na hasira zote mbili hazikuwa na mahali pa kwenda.

"Mwizi wa maji wewe!" alipiga kelele, mpaka ukutani wakasikia. "Mchaga! Miaka ishirini unakunywa maji ya watu!"

Manka aliinamisha kichwa.

Nakijwa alingoja. Alisogea mpaka kwenye tuta, akasimama naye uso kwa uso.

"Nijibu, Mama Shirima."

"Nikujibu nini, mwanangu? Ni kweli."

"Ya kweli uliisema jana, imeandikwa, imekwisha. Hii ya leo ni yangu. Mtani wako nakuita mwizi mbele ya watu, na wewe umenyamaza? Nijibu. Usiponijibu, sina njia ya kukupa maji."

Manka alimtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka na hakuyafuta. Alijaribu mara moja, sauti ikagoma. Akajaribu tena.

"Mpare wewe," alisema, kwa sauti nyembamba iliyopasuka. Kisha akaikuza, ifike ukutani. "Mpare wewe! Shamba lenyewe mbigili tupu! Hayo maji unayapeleka wapi, unayafungulia kesi?"

Kicheko kilianzia kwa Mwenyekiti Msofe, kikakimbia ukuta mzima. Watu walicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe, kama watu waliotua mzigo.

Nakijwa hakucheka. Hasira ilikuwa bado imo, na alijua itakuwamo Ijumaa nyingi zijazo. Aliinua jembe, akalipiga tuta mara tatu. Udongo ukalainika, ukakatika, maji yakageuka na kuteremkia kwenye tangawizi. Manka alipiga magoti kwenye tope, akaanza kuyapanguzia njia kwa viganja.

Kule ofisini mrithi aliandika kwamba maji ya Ijumaa yamefika shambani kwa Nanzia Mbwambo, na hakuna kosa.